Maua ya Upande wa Makaburi

Kwanza nilisikia mkasi. Nilikuwa nimesimama barazani pa duka moja nyuma ya soko la Koboko, najikinga jua la saa saba, na ndani, nyuma ya pazia la mashada ya plastiki, mtu alikuwa anakata kitu. Mkasi ulilia mara mbili kila safari: mara ya kwanza ukikata hewa tupu, mara ya pili ukikata kitu chenyewe. Kisha kimya kidogo, kisha tena. Nimemjua mtu mmoja tu anayekata hewa kabla ya kukata shina, kana kwamba anauuliza mkasi kama umeamka, na mtu huyo sikuwa nimemwona tangu nilipokuwa msichana. Niliyagawa mashada kwa mikono miwili. Yalinikwaruza shingoni kwa ncha zake ngumu, yakatoa harufu ya ndoo mpya, na huko ndani, kwenye kigoda, alikuwa ameketi shangazi yangu Driciru, dada ya baba, amezungukwa na mawaridi mekundu yasiyo na hata tundu moja la mdudu.

Hakusimama. "Ayikoru," alisema, "umekuja kununua au kunilaumu?"

Nilisema nimekuja harusini tu, rafiki yangu anaolewa kesho, nami nimetumwa kutafuta utepe. Alinikatia utepe, hewa kwanza, akanisogezea kigoda cha pili na kunimiminia chai kutoka kwenye chupa. Alikuwa amenenepa, na kwenye vidole vyake makovu ya miiba yalikuwa bado yanaonekana, madogo na meupe kama punje za mchele. Hapo hapo uchungu wa zamani ulinirudia, nikaona aibu, kwa sababu mwanamke huyu anakula, ana duka lake, wateja wanamwita madam, na hakuna jambo la mimi kumhurumia. Lakini sikuwa na huruma. Nilikuwa na hasira ya mwaka mmoja wa ujana wangu, hasira ambayo haijawahi kupata wa kumwangukia. "Shangazi, hata ua moja la kweli? Hata kwenye kopo?" nilimwuliza. Alionyesha sakafu ya saruji kwa ncha ya mkasi. "Nilipande wapi? Na hizi hazifi." Akapangusa jani moja kwa kitambaa kibichi, na mimi nikanywa chai yangu, iliyojaa tangawizi, nikiwa nimenuna kama mtoto.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza Sinia Siksi, mwaka wa mwisho wa sekondari, nikawa nakaa tu nyumbani Dadamu, nje kidogo ya Arua, nikisubiri jambo ambalo hakuna aliyeweza kuniambia lingekuja lini. Shangazi alirudi wakati wa kiangazi, ule wakati ambapo vumbi huingia hata kwenye chumvi. Kwa miaka kadhaa alikuwa amefanya kazi kwenye shamba la maua upande wa ziwa, chini ya mahema ya nailoni, akikata mawaridi ya kupakiwa kwenye ndege. Alishuka na begi moja na sweta lililolowa maji, na ndani ya sweta, vimefungwa kama watoto mapacha, vilikuwamo vitunguu vya gladiola na viazi vya dalia, mbegu za maua. Bibi, mama yake, alichukua kiazi kimoja akakinusa, akauliza kama kinachemshwa au kinachomwa. Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Leo nikikumbuka kicheko kile naona kwamba Bibi alikuwa ameuliza swali la maana kuliko sote, kwa kuwa pale kwetu kitu kinachoingia ardhini lazima kimwambie mtu kitamlisha namna gani.

Jioni hiyo, nikiwa jikoni nasonga ugali wa muhogo na mtama, nilisikia kupitia ukutani shangazi akizungumza na baba mdogo Adriko, mdogo wa baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa boma. Alikuwa askari zamani. Alipotaka jambo lisijadiliwe aliacha Kilugbara akahamia Kiswahili cha kambini, na sisi sote tulijua kwamba hapo mlango umefungwa. "Driciru, wewe iko dada yetu," alisema. "Chumba iko, lala. Lakini ile chumba ni ya Ondoma. Ondoma ataoa mwisho wa mwaka. Mbele ya ile, wewe tafuta namna, jenga yako hapa nyumbani, hakuna mutu atakataa. Ama basi."

"Ama basi nini?"

"Ama basi, Mungu iko."

Ondoma ni mwanawe. Shangazi hakubishana juu ya chumba. Aliuliza habari ya shamba, akajibiwa kwamba shamba yote iko na mutu, kila kipande. Kisha nikasikia kiti cha baba mdogo kikilia, na akasema kama anayetupa mfupa, "Ile ya kando ya mzee, chukua." Ile ya kando ya mzee ilikuwa ukanda wa ardhi kati ya makaburi na ua wa jikoni. Kwetu wafu hawaendi mbali. Babu alikuwa amelala hapo hapo nyumbani chini ya saruji, na mama yake kando yake. Hakuna sheria inayokataza kulima pale. Lakini muhogo ulionenepea ubavuni mwa mzee, nani atautia mdomoni? Kwa hiyo udongo ule ulikuwa umepumzika miaka na miaka, mweusi, laini, ukiingiza kidole unazama mpaka kifundo. Tulipokuwa tunakula, mboga ya kunde yenye odi, rojo nzito ya karanga na simsim, shangazi aliniinamia sikioni. "Maua hayaliwi," alisema. "Adriko anadhani amenipa jalala. Amenipa kitanda." Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi sana. Hakukuwa na mtu mwenye akili kama yeye katika boma lile, na alikuwa ameyafikiria yote yanayohusu mdomo.

Tulilala chumba kimoja, kile cha Ondoma. Kilikuwa cha matofali, bati juu, dirisha moja, na mlango wa mvule ulioning'inia kwenye bawaba moja nzima na nyingine mbovu. Ukitaka kuufunga ilibidi uuinue kwa goti, uusukume, kisha uushushe polepole mahali pake. Vinginevyo ulikwaruza sakafu kwa sauti ya kuamsha kijiji. Mimi niliushindwa mwaka mzima. Shangazi aliomba msumari na bawaba tangu wiki ya kwanza. "Nyumba ni ya Ondoma," baba mdogo alisema kila mara, bila ubaya wowote. "Ondoma atatengeneza." Basi tukawa tunauinua.

Kazi ya maua, mtu asikudanganye, ni kazi ya maji. Tulibeba jerikeni kutoka bohole, kisima cha pampu, tulikopanga foleni na wanawake waliotaka maji ya kupikia, na shangazi alipoulizwa anapika nini na maji yote hayo, alijibu, "Napika rangi." Mbuzi walikula zinia za kwanza, maua tuliyootesha kwa mbegu. Mchwa wakala vijiti vya kuegemeza dalia, tukaweka vingine, wakashukuru. Mvua zilipokuja na mimea ikafika magotini, shangazi alipita mstari hadi mstari akivunja kichwa cha kila mmoja kwa kucha ya kidole gumba, na Bibi, ambaye alikuwa anafagia uwanja, akasimama na ufagio wake.

"Unamkata mtoto kichwa kabla hajasema?"

"Ndiyo apate kusema kwa midomo mingi, mama. Asipovunjwa anatoa ua moja, anajivuna, anakufa."

"Kwa hiyo ukimvunja anafurahi."

"Hafurahi. Anatoa matawi."

Aliwataja maua kama watu, na mimi nikaiga. Alinifundisha kumshika zinia chini ya shina na kumtikisa: kama shingo inalegea, mwache, ukimkata leo atainama kabla ya adhuhuri, kama amekaza shingo, huyo yuko tayari na hasubiri. Asubuhi kabla ya jua tulipita kwenye mistari tukiwatikisa mmoja mmoja, kama watu wanaosalimia msibani, na nyuma yangu nilisikia mkasi wake, hewa kisha shina. Kukata hewa, alisema, kunakuonyesha kama kutu imeingia usiku; mkasi mzito unaponda shina, na shina lililopondwa halinywi. Ndoo tuliziingiza chumbani, kwenye dirisha tukatundika magunia ili pawe na giza na ubaridi, na hivyo kitanda chetu kikazungukwa. Dalia hana harufu, gladiola hana harufu. Kilichonuka ni maji yenyewe, na mabua mabichi, na lile jambo lisilo na jina linalonuka pale kisu kinapopita kwenye kitu kilicho hai. Nilikuwa nikiamka gizani nisijue niko wapi, niinue mkono, niguse uso baridi wa dalia ukubwa wa sahani, na nibaki hivyo, mkono hewani. Nimelala katika vyumba vizuri zaidi tangu wakati huo. Sijalala katika chumba kilichojaa kiasi kile.

Na hakuna aliyeyataka. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Tuliyapeleka kwenye hoteli moja mjini Arua, meneja akasema ni mazuri, tuyaache kwanza aone kama wageni watapenda. Wiki iliyofuata akasema wageni wamependa sana, tulete mengine tuyaache kwanza. Tuliyapeleka kanisani siku ya Jumamosi, tukawakuta akina mama wamekaa kwenye mkeka nje, wanayaosha maua ya plastiki ya altare ndani ya beseni la sabuni ya unga na kuyaanika juani kama soksi. Mmoja wao, mtu mzima mwenye utani, alilitazama fungu letu akatikisa kichwa. "Driciru, haya yetu yametumikia tangu padri wa kwanza kabisa hapa. Hayo yako yatatumikia mpaka lini? Jumapili jioni?" Wote walicheka, shangazi naye akacheka, na alipocheka alichukua ua moja la plastiki kutoka kwenye beseni akalikung'uta maji kwa uangalifu, kama anayepima uzito wake. Hata wenye misiba walitaka ya dukani, yale yanayofungwa kwa karatasi inayolia, ili yabaki juu ya kaburi baada ya watu kwenda. Tulirudi nyumbani na ndoo zetu zimejaa. Bibi aliuliza kama watu walipenda. Tulisema walipenda.

Mama Kiden ndiye aliyeuokoa mwaka wetu. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Koboko, Mkakwa, mrefu, mwenye sauti ya kuvusha mto, na aliyaona maua yetu juu ya kaunta ya ile hoteli alipofika Arua kwa shughuli zake. Alitusubiri pale mpaka tulipokuja. Kwa kuwa yeye hakujua Kilugbara na sisi hatukujua Kikakwa, tulizungumza Kiswahili cha sokoni, ambacho kila mmoja alikivaa kama koti la kuazima. "Mimi nataka ya kweli," alisema. "Kiden yangu anaolewa mwezi wa kumi na moja. Amenionyesha kwa simu. Anasema plastiki ni ya wazee. Nataka ya meza yote, ya gari, na ya kushika mukononi. Utaweza?" Shangazi alisema ataweza, kwa sauti ndogo, akaanza kuhesabu majuma kwa vidole.

Kuanzia siku hiyo boma lilibadilika. Baba mdogo alianza kumwambia Driciru habari za asubuhi kabla hajaambiwa. Mbuzi walifungwa. Shangazi alipanda gladiola kwa zamu ili wafike pamoja na siku, akakata na kuvunja na kumwagilia, na mchana, wakati maua hayataki kuguswa, alifyatua matofali. Alichimba udongo nyuma ya choo, akaukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, akayapanga matofali chini ya nyasi yakauke, mstari juu ya mstari. Nyumba ya chumba kimoja, alisema. Mlango wenye bawaba mbili. Alinionyesha mahali utakapokaa, upande wa mashariki, na akaufungua hewani kwa kidole kimoja ili nione ulivyo mwepesi.

Siku chache kabla ya harusi Mama Kiden alipiga simu kwamba anakuja na dada zake wawili kuyaona maua kwa macho. Shangazi alituita sote. "Wageni watakaa mbele, barazani," alisema. "Maua yatakwenda kwao ndani ya ndoo. Hakuna haja ya wao kuzunguka nyuma." Aliyasema haya akimtazama mama yake, na hapo tu, mimi mjinga wa miezi yote hiyo, nikaelewa kwamba alikuwa amejua. Alikuwa ameliwaza na jambo la mkono vilevile, kwamba kinachokataliwa mdomoni huenda kikakataliwa na mkononi, tena kabla yetu sote, usiku kwa usiku kati ya zile ndoo, na alikuwa ameamua kulipita kimyakimya. Bibi alisema vizuri, atachinja kuku.

Walikuja na gari lao, wamevaa vitenge vya aina moja, na walileta sukari na soda. Ndoo zilipotoka chumbani wote watatu waliinuka vitini. Mama Kiden alimgusa dalia mweupe kwa mgongo wa kidole, kama mtu anavyogusa shavu la mtoto aliyelala. Walikula kuku, walikula ugali, waliusifu mchuzi, na shangazi alikuwa anacheka kwa urahisi ambao sikuwahi kuusikia. Nilikuwa namiminia watu maji ya kunawa wakati Bibi alipojifuta mikono kwenye gauni lake, akasimama, akamshika Mama Kiden kifundo cha mkono.

"Umekula kwa mzee," alisema, nami nikatafsiri kwa sababu nilikuwa karibu, "twende umsalimie mzee."

"Mama, wageni wana haraka," shangazi alisema.

"Haraka ya kumpita baba yako?"

Mgeni aliyetoka mbali, tena kwa habari ya harusi, akila kwako bila kuonyeshwa kwa mwenye nyumba, huyo umemficha kama mwizi. Bibi alikuwa anampa Mama Kiden heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Akamwongoza kuzunguka ua wa jikoni, sote nyuma yao, na huko yalikuwa yamesimama yote, mistari yote katika siku yake bora: gladiola wekundu kichwani pa babu, dalia wamelaza vichwa vyao vizito juu ya saruji, zinia wamejaa mpaka kwenye miguu ya mama yake. Sijaona tena bustani kama ile. Bibi aliipigapiga saruji kwa kiganja. "Mzee, hawa ni wageni wa Koboko. Wana harusi. Wamekuja kuyachukua maua yako."

Mama Kiden aliinama akaligusa kaburi, akamsalimia babu kwa adabu zote. Alimshukuru Bibi. Alisema maua ni mazuri kupita yote. Niliwabebea jerikeni ya maji mpaka kwenye gari, na nilipokuwa naiweka nyuma nilimsikia dada yake mdogo akisema kwa Kiswahili, bila kujali kwamba nipo. "Dada, ile maua inakunywa wapi? Inakunywa mufu. Utatia mutoto mukononi?" Na Mama Kiden: "Nyamaza kwanza. Tuko kwa watu." Kesho yake alipiga simu. Kiden amebadilisha roho, alisema. Wamepata ingine mujini. Mama, pole sana.

Hasira inahitaji uso wa kutazama, na sisi tulikosa uso. Nani alikuwa amekosea? Mama Kiden hakutukana mtu. Baba mdogo hakumnyima dada yake ardhi, alimpa iliyobaki. Bibi, ambaye angestahili kelele zetu, alikuwa anazunguka uwanjani akiimba, na siku ile yote aliuliza kama wageni walipenda, na tulisema walipenda. Shangazi hakulia. Alikwenda kwenye mistari, akamshika mmoja, akamtikisa. "Wamekaza shingo," aliniambia. "Siwezi kuwaambia wasubiri." Siku ya harusi, kabla ya mapambazuko, tulikata yote. Tulipata nafasi kwenye pikapu ya magunia ya vitunguu, tukashika ndoo kati ya miguu mpaka Koboko.

Mama Kiden alitoka mwenyewe getini. Hakujificha. Alitoa viti akaviweka nje, upande wa barabara, akaleta chai na mandazi, akakaa nasi katika siku aliyokuwa hana hata dakika. Ndoo zilibaki zimesimama kati yetu.

"Mimi sina neno na maua yako," alisema. "Lakini Kiden akianguka leo, ama kesho akikosa mimba, watu watasema nini? Watasema ni mama yake alimupa ya kaburi."

"Mzee wetu hakuwa mtu mbaya."

"Nilimusalimia. Ni mutu muzuri. Abaki kwake."

Wakati huo bibi harusi mwenyewe alichungulia, nywele zimefungwa kitambaa, akaziona ndoo. Akaja bila viatu. Alimtoa dalia mweupe, akamshika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, vile wanavyoshika, na kwa kitambo kidogo alikuwa amependeza mno hata shangazi akaacha kutafuna. Kisha akamtazama mama yake. Mama yake aliangalia barabara. Kiden akamrudisha dalia ndani ya ndoo, akahakikisha shina limefika kwenye maji, akaingia ndani.

Tulizibeba ndoo mpaka barabara kuu, tukazitua karibu na mwanamke aliyekuwa anauza maua ya plastiki chini ya mwavuli, kwa sababu pale palikuwa na kivuli. Waendesha boda walikuwa wamekusanyika, wamekodiwa kusindikiza magari ya harusi, wanafunga tepe kwenye pikipiki zao. Mmoja akaja akaangalia. "Hii inakaa mpaka saa ngapi?" Shangazi alisema mpaka jioni. "Basi inatosha. Hata harusi inaisha jioni." Akachukua gladiola, akawafunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Wenzake wakamfuata, mmoja dalia kwenye vioo, mwingine zinia kwenye kofia, wanasukumana, wanataniana nani amependeza kama msichana, na mpaka ndoo zinaisha hakuna hata mmoja aliyeuliza yameota wapi. Msafara ulipopita, boda mbele na boda nyuma, honi zote zinalia, yalikuwa maua yetu, ya babu, yote, yamemzunguka Kiden pande zote. Na Kiden ndani ya gari ameshika shada jeupe la plastiki. Mama Kiden alituona pale kando. Aliwatazama boda, akamtazama shangazi, akaweka leso mdomoni, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au anaomba.

Niliruka. Nilimshika shangazi bega. "Umeona? Yameingia harusini!"

"Yameingia kwa sababu hakuna anayejua ni ya nani," alisema. Hakuwa na uchungu. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa hesabu. Akageuka kuzungumza na yule mwenye mwavuli, waya wananunua wapi, vumbi wanalitoaje, na mazungumzo yao yakawa marefu mpaka nikasinzia juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Nilipigana kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hakupigana. Nilimwendea baba mdogo nikaomba ambadilishie shangazi, kipande kidogo tu cha upande wa barabara, mbali na makaburi. "Shamba yote iko na mutu," alisema. Nikamwambia hata yeye ni mtu. Aliniangalia kwa upole ulioniudhi kuliko kofi. "Wewe soma," alisema. Wiki hiyo hiyo aliuliza kama matofali yale yatakaa bure, maana Ondoma anahitaji jiko, na shangazi akasema ayachukue. Nilimkasirikia shangazi siku nzima, nikakataa kula. Aliniwekea chakula kando ya kitanda, mboga juu ya ugali, na kilipoa hapo.

Pale dukani Koboko, chai ilipokwisha, nilimwambia kwamba dalia bado wanarudi kila mvua, kwamba Bibi naye sasa amelala pale kati yao, na kwamba baba mdogo, mzee sasa, huwafukuza mbuzi kwa fimbo yake.

"Nani anawakata?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi wanatoa maua madogo." Alikata hewa, akakata waya. "Plastiki haina kwao, Ayikoru. Mtu hawezi kuiuliza imenyonya wapi." Nilitaka kumwambia kwamba hilo ndilo linalonichoma, lakini mteja aliingia, na shangazi akasimama, akatabasamu, akamwita mama.

Aliondoka Dadamu mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule, asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Hakuchimba hata kiazi kimoja. "Waache kwa mzee," alisema. Ndoo zilikuwa zimepangwa ukutani, tupu, zimekauka, na dirishani tulikuwa tumeshaondoa magunia ili Ondoma akute mwanga. Nilijifanya nimelala. Nilimsikia akifunga begi, nilimsikia akisimama juu yangu kidogo, na huko nje ufagio wa Bibi, uliokuwa unakwenda mbele na nyuma kama kila siku, ukanyamaza. Nilikuwa nimeazimia kwamba mlango ukikwaruza nitaamka, nitamshika begi, nitasema yote. Aliuinua kwa goti. Akausukuma, akaushusha polepole mahali pake, na ukafungika bila sauti.